Mwalimu na Kazi Isiyo na Mpaka

Tangu mlipuko wa UVIKO-19 mwaka 2020, wafanyakazi wengi wa ofisi duniani wamezoea kugawa kazi baina ya ofisi na nyumbani. Wengi wao walidhani wamepata nafuu, kisha wakatambua kuwa hawajui tena kazi yao inakwisha saa ngapi. Kwetu sisi walimu jambo hili si geni. Tangu zamani mwalimu wa shule ya msingi hufanya kazi mahali pawili: mchana darasani, na jioni mezani kwake, akisahihisha madaftari na kuandika maandalio ya masomo.

Hata hivyo, kazi ya jioni ilikuwa na mpaka. Mwalimu aliyebeba madaftari 60 aliuona mwisho wake. Daftari la sitini likifungwa, naye hupumzika. Simu ya mkononi haina daftari la mwisho. Shule za msingi za Tanzania zilipofungwa Machi 2020, baadhi ya walimu walituma mazoezi kwa wazazi kwa njia ya simu. Shule zikafunguliwa tarehe 29 Juni, lakini mazoea ya kuulizana habari za shule usiku yamebaki. Saa tatu mzazi auliza alama. Saa nne yatakiwa takwimu ya mahudhurio.

Kinachomchosha mtu si wingi wa kazi peke yake. Anayengojea kuitwa hapumziki, hata asipoitwa. Na uchovu huo huonekana darasani: mwalimu hunakili somo ubaoni badala ya kuuliza maswali, hukasirikia kosa dogo, na mtoto mzito wa kuelewa hukosa subira aliyostahili. Kwa hiyo mapumziko ya mwalimu ni sehemu ya maandalio ya somo.

Yamkini wako watakaosema kuwa mwalimu ni mlezi, na mlezi hana saa. Ni kweli, mtoto akipotea au akiugua, mwalimu huamka usiku wa manane. Lakini takwimu ya mahudhurio si mtoto aliyepotea. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, inayotambua haki ya mfanyakazi kuweka kando vyombo vya mawasiliano ya kazi baada ya saa zake. Ureno nayo ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuwakataza waajiri kuwasumbua wafanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa kwa dharura. Hoja ya sheria hizo yatufaa hata sisi.

Wanachuo, hapana budi mjifunze kuweka mpaka tangu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Sahihisheni mkipita baina ya madawati, wanafunzi wangali wakiandika. Mtoto hufaidika zaidi akionyeshwa kosa lake papo hapo. Zoezi la maswali matano yaliyochaguliwa vema laweza kutosha. Tumieni vipindi vitupu kuandika maandalio. Tena, muafikiane na wazazi katika mkutano wa kwanza saa za kupokea ujumbe.

Wajibu mkubwa zaidi uko kwa walimu wakuu. Mwalimu mgeni hawezi kumkatalia mkuu wake saa nne za usiku. Takwimu inayohitajika kesho na iombwe leo kabla ya kengele ya mwisho.