ELIMU YA NG'AMBO NA MIZANI YETU



Wapo wanaodai kwamba elimu ililetwa Afrika ya Mashariki na Mzungu, na kwamba kabla yake tulikuwa gizani. Hayo si kweli. Wajerumani walipofungua skuli Tanga katika miaka ya 1890, watoto wa visiwa hivi walikuwa zamani wakikaa chuoni kusoma Kurani, na wazee wakiandikiana barua na hesabu kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Herufi hizo nazo zilitoka ng'ambo, tukazifanya zetu.

Kisha zikaja herufi za Kirumi. Edward Steere alikaa Unguja, akasikiliza maneno ya watu wa mji, akayatia kitabuni mwaka 1870. Mwaka 1928 Waingereza walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa vitabu vya skuli. Hivyo lugha ya bibi zetu ikapanda bara hata Ziwa Victoria.

Leo mtoto wa mvuvi wa Guta, mkoa wa Mara, huanza darasa la kwanza kwa lugha hii. Katika mkoa huo huo Julius Nyerere aliingia skuli ya Mwisenge mwaka 1934, akapita Tabora na Makerere, akafika Edinburgh mwaka 1949. Tukubaliane naye katika siasa au tusikubaliane, aliporudi hakukitupa Kiswahili: mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare.

Lakini mtoto wa Guta aingiapo sekondari ya serikali, masomo hugeuka Kiingereza. Aliyekuwa akiuliza hunyamaza. Aliyekuwa akifahamu hukariri. Huku ndiko kupoteza akili za watoto wetu.

Tutaambiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya dunia. Hatukatai. Kifundishwe, tena kwa walimu wanaokijua barabara, kama kifundishwavyo Kiarabu. Lakini hisabati na sayansi zisomeshwe kwa lugha inayofahamika. Japani baada ya mwaka 1868 ilichukua elimu ya Ulaya, ikaisomesha kwa Kijapani, wala haikubaki nyuma.

Mwenye duka hupokea bidhaa za kila bandari, lakini huzipima kwa mizani yake mwenyewe. Twaitaka Serikali ipime elimu kwa mizani hiyo, na kila mwanachama aliulize jambo hili mkutanoni mpaka lijibiwe.