Kabla Hujalipia Probox, Mkalishe Susu Kiti cha Nyuma

Ukisema hapa Migwani kwamba unatafuta gari ya familia, jibu unalo kabla ya kumaliza sentensi. Fundi atakwambia Probox. Muuza simiti atakwambia Probox. Mjomba ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki atakwambia Probox, tena ile nyeupe. Mimi leo nabisha, na najua nitatukanwa mpaka Kabati.

Wasee, sijasema Probox ni mbaya. Hakuna mtu mwenye akili zake timamu anaweza kusema hivyo Ukambani. Nimeiona ikipita kwa mchanga wa mto ikiwa imebeba ndengu mpaka bampa ya nyuma inakwaruza chini. Lakini swali ni gari ya familia, na hapo ndipo watu huruka hatua.

Toyota walianza kuiuza Probox huko Japan mwaka wa 2002, na waliitengeneza iwe gari ya kazi. Mhusika wao alikuwa dereva anayeshinda barabarani akipeleka bidhaa, ndiyo maana mbele imepangwa vizuri, ina mahali pa karatasi na kikombe cha chai. Kiti cha nyuma ni cha dharura. Ni chembamba, mgongo umesimama wima kama benchi ya kanisa, na kimetengenezwa kukunjwa ili mzigo upite. Kulikuwa na toleo la abiria, lenye kiti cha nyuma chenye nyama kidogo, lakini hilo liliisha 2013. Walipoiunda upya 2014 ikabaki ya mizigo tu. Kwa hivyo ile Probox mpya mpya unayoitamani ndiyo iliyomsahau abiria zaidi.

Sasa nani huchagua gari kwa boma? Yule atakayekaa mbele. Mzee anaingia, anashika usukani, anakanyaga mafuta kidogo, anafungua boneti na kutikisa kichwa kama anaelewa, basi imenunuliwa. Mwaitu, watoto na susu wataionja kiti cha nyuma wakati pesa zishaenda.

Nasema hivi juu hii kesi iko kwetu sasa hivi. Mzee anastaafu na amepanga laki nane na nusu, kiasi fulani ni mkopo wa sacco. Tuko saba nyumbani. Susu, nyanya yetu, ana miaka themanini na kitu na magoti yamekataa. Kila mwezi lazima afike kliniki Mwingi. Kutoka kwetu mpaka lami ni maramu na mchanga, halafu ndiyo barabara inakuwa ya binadamu. Mzee amesema Probox, mjadala umefungwa. Mimi nikaufungua. Aliyeacha chuo mwaka wa pili hana la kupoteza kwa heshima, wacha nitumie nafasi hiyo.

Nilichofanya ni kitu rahisi. Niliomba majirani watatu, mmoja ana Probox, mwingine Fielder, mwingine Sienta, nikamkalisha susu nyuma kwa kila moja, tukaenda mpaka lami na kurudi. Sikuuliza injini, sikuuliza mafuta. Niliangalia tu anaingiaje na anatokaje.

Kwa Probox aliingia akishikiliwa na watu wawili. Kufika lami alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, na tuliporudi akasema kwa upole kwamba ni gari nzuri ya mbuzi. Fielder ilikuwa tamu, kiti ni laini, lakini iko chini kidogo na paa lilimlazimu kuinama, na kuinama ndiyo shida yenyewe. Sienta ina mlango wa nyuma wa kusukuma na sakafu yake iko karibu na ardhi. Susu aligeuka, akakaa, akavuta miguu ndani. Hakuna aliyemgusa. Akauliza kama tunaenda Mwingi moja kwa moja ama ni mchezo.

Mzee akaniuliza swali lake la siku zote: na magunia?

Hesabu hiyo nimeifanya. Sisi huvuna ndengu mara mbili kwa mwaka, mvua ikikubali. Simiti tulinunua mara ya mwisho tulipojenga choo. Maji yanabebwa na punda, na punda hajawahi kulalamika bei ya petroli. Ukijumlisha safari za mzigo hazifiki kumi kwa mwaka. Safari za watu ni kila wiki: kanisa, soko, shule, kliniki, matanga. Siku ya gunia unaweza kukodisha Probox ya mtu, ziko kila kona, utalipa na utarudi nyumbani. Siku susu amezidiwa saa nane usiku huwezi kukodisha kiti laini.

Kama una duka ama unafanya biashara ya miraa, sahau yote nimesema, chukua Probox na Mungu akubariki. Naongea na yule ambaye mzigo wake mkubwa ni familia.

Kuna hoja moja ya watu wa Probox ambayo naiheshimu: spea. Wanasema ikiharibika Migwani, fundi wa Migwani ataitengeneza. Ni kweli. Lakini fungua boneti uone. Probox ya 1500 ina injini ya 1NZ-FE. Fielder ya 2012 mpaka 2014 ya 1500, injini ni hiyo hiyo. Sienta ya umbo la zamani, ile iliyotengenezwa mpaka 2015, ni hiyo hiyo. Hata Premio ya 1500 ambayo watu huogopa kuuliza bei. Plagi, filta, pampu ya maji, fundi anazijua akiwa amefunga macho. Unalipia jina la Probox kwa kitu ambacho jirani yake pia anacho.

Gia ndiyo tofauti ya kuangalia. Probox za kabla ya 2014 zina gia otomatiki ya kawaida ya hatua nne, ama ya mkono, na hizo huvumilia mafundi wetu. Kuanzia 2014 ni CVT, sawa na Fielder na Sienta, na CVT ukiiwekea oili isiyo yake unaiua polepole huku ukicheka. Hapo uliza gari imekuwa ikiwekwa oili gani, na kama mwenyewe anababaika, ondoka.

Sienta nayo ina aibu zake. Iko chini, na kwa ule mto wetu wa mchanga mvua ikinyesha itabidi tuiache ng'ambo. Kile kiti cha tatu ni cha watoto, mtu mzima atakula magoti yake, na kikiwa wazi buti inabaki ya mkate na magazeti. Noah ingemaliza kelele zote hizo, lakini Noah ni 2000, inakunywa, na serikali iliishaitoza zaidi: ushuru wa bidhaa kwa gari isiyozidi 1500 ni asilimia 20, ikipita hapo ni 25. Kodi hiyo bado inakukalia ndani ya bei hata ukiwa mnunuzi wa tatu. Na ukitaka kuagiza Japan, mwaka huu wa 2026 ni gari iliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019, kwa hivyo na laki nane na nusu zetu tuko tu kwa soko la hapa hapa, la gari ambazo wengine wamezikalia.

Hapo pia kuna mtego. Nyingi ya hizi, Probox na Sienta zote, zimewahi kufanya matatu. Usidanganywe na rangi mpya. Angalia mikanda ya kiti cha nyuma: kama imekatwa, ama imefukiwa chini ya kiti, hiyo ilikuwa inabeba watu tisa.

Mzee bado hajakubali. Amesema tu atafikiria, na kwake hilo ni jambo kubwa. Mwenye Sienta ya 2013 ama 2014 kati ya Kabati na Mwingi, ambayo haijawahi kupigia abiria honi, anitafute. Ukitaka kuongea na mzee mwenyewe, ni baada ya taarifa ya habari, na usianze na bei.