Maoni: Wakaaji wa Kalemie, kabla ya kulipia implanti ya jino, ulizeni nani ataifuatilia

Hapa Kalemie, kung'olewa jino si habari mpya. Mtu anavumilia uchungu wiki nyingi, anakunywa vidonge vya kununua sokoni, na siku anapofika kwa mganga wa meno, jino limekwisha kuharibika. Linang'olewa, linabaki pengo. Na pengo la mbele lina uchungu wake: mwalimu anafunika mdomo mbele ya wanafunzi, dada anaogopa kucheka kwenye picha za ndoa. Ndiyo maana wenye uwezo kidogo wanaulizia implanti.

Implanti ni visi ndogo ya madini ya titani. Daktari anaipanda ndani ya mfupa wa taya, mahali pa mzizi wa jino, kisha baadaye anafunga jino la bandia juu yake. Aliyefungua njia hiyo ni daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyegundua kwamba mfupa hushikamana na titani. Mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965, na implanti zake zilimtumikia karibu miaka 40. Kwa hiyo si udanganyifu. Kazi ikifanywa vizuri, inadumu.

Lakini mfupa hauna haraka. Mara nyingi unahitaji miezi 3 hadi 6 kuishika ile visi vizuri kabla ya kufungwa jino la kudumu la kutafunia. Taya ikiwa imepungua, kama inavyotokea pengo likikaa miaka mingi, huenda daktari akalazimika kuongeza mfupa kwanza, na muda unarefuka.

Hapo ndipo shida yetu inapoanza. Mgonjwa wa hapa anayefuata implanti Lubumbashi, au anayevuka ziwa hadi Kigoma na kuendelea hadi Dar es Salaam, anafikiri safari ni moja. Kumbe ni safari ya kupimwa na kupigwa picha ya taya, ya kupandikizwa, ya kufungwa jino, na nyingine za kuangaliwa. Mama muuza ndagala aliyekusanya dola za kupandikizwa tu, akikosa nauli ya kurudi, atabaki na visi mdomoni bila jino. Bei ya kuuliza ni ya kazi yote mpaka mwisho, kwa maandishi, pamoja na tiketi na malazi.

Jambo la pili: si kila mtu anafaa kuwekewa leo. Mwenye ugonjwa wa sukari ambao haujatulizwa, anayevuta sigara sana, au mwenye ufizi unaotoka damu na usaha, yuko katika hatari kubwa zaidi ya implanti kukataa. Ufizi utibiwe kwanza, sukari ishushwe kwanza. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuimarisha mifupa na za kuzuia damu kuganda. Daktari anayetaka kupanda visi bila kuuliza hayo na bila picha ya mfupa, muage kwa heshima, uende zako.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa kwetu. Implanti haiozi kama jino, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka vinaweza kuugua. Ugonjwa huo mara nyingi unakuja bila uchungu mkali, na mtu anashtuka visi ikiwa imeanza kulegea. Lazima isafishwe kila siku na iangaliwe na mganga wa meno, walau mara moja kwa mwaka. Sasa uliza: nani ataiangalia nikirudi Kalemie? Viwanda vinavyotengeneza visi hizo ni vingi, na vifaa vya kuifungua hii huenda visiingie katika ile. Kwa hiyo usitoke kwa daktari bila karatasi yenye jina la kiwanda, kipimo cha visi na namba yake, pamoja na nakala ya picha ya taya. Bila karatasi hiyo, mganga mwingine atabaki kubahatisha.

Mimi sisemi watu wasiwekewe implanti. Nasema kama huna uhakika wa safari ya pili na ya tatu, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua si aibu. Yanarudisha cheko, yanasaidia kula bukari na samaki, na yakivunjika kuna nafasi ya kuyatengeneza bila kukata mfupa. Na aliye na jino bovu leo aende mapema kuuliza kama linaweza kuzibwa, kwa sababu jino lako mwenyewe lililookolewa halidai boti wala ndege.

Kuuliza si ujinga. Uliza kabla ya kutoa pesa, maana visi ikishaingia mfupani, kuitoa ni operesheni nyingine.