Meno ya Bi Kidude

Juzi, baada ya sala ya alasiri, nikiwa barazani kwa jirani yangu nangojea kikombe cha kahawa, nilimsikia bwana mmoja mwenye kilemba kikubwa na sauti ya matangani akiikodolea macho picha ya Bi Kidude iliyotundikwa ukutani, kisha akatamka, kwa yakini ya mtu asiyepata kupingwa nyumbani kwake, kuwa ajuza akiachia meno namna ile amekwisha vua haya, kwani heshima ya mtu mzima ni kukunja uso. La haula! Kahawa ikanigeukia shubiri.

Picha yenyewe ni ya uso uliojaa mikunjo, na kila mkunjo unaelekea kinywani, kama kwamba miaka yote ile ilikuwa safari ya kuliendea tabasamu lile moja. Mwenye uso huo ni Fatuma binti Baraka, mwana wa muuza nazi wa Mfagimaringo, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 pasina mtu kuijua kwa hakika hesabu ya umri wake, illa mwenyewe akisema alizaliwa zama za rupia. Aliyeimba taarabu, akapiga msondo, akauza wanja na hina, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX katika umri ambao aghalabu ya hirimu zake walikwisha zikwa.

Walakini kubwa kuliko yote, bibi huyu alikuwa somo wa unyago. Aliwafunda wari wa Unguja staha na adabu za unyumba, kizazi baada ya kizazi. Basi aliyewafunda wenziwe haya, ni nani wa kumfunza yeye haya? Bwana wa kilemba?

Akajitetea kuwa kicheko cha uzeeni huharakisha mauti. Ikiwa ni hivyo, mauti ya Bi Kidude yalipotea njia miaka mingi. Mwingine akadakia habari ya sigara. Naam, alivuta, jadilini sigara, meno yana kosa gani? Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa tabasamu usoni mwa nduguyo ni sadaka, wala hakushurutisha kuwa mtoaji awe kijana, au awe mwanamume.

Na maadam nimekwisha ghadhibika, niseme na hili: mwezi uliopita nilikwenda kupiga picha ya pasipoti, nikaamrishwa nifumbe kinywa, kisha karani wa dirishani akanipokea kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa urithi. Huo ndio uso tunaousifia kuwa una heshima! Aliyewafunda wari anaambiwa hana haya, na huyu asiyejua hata kuitikia salamu anaitwa mtu mzima.

Bwana alinyanyuka bila ya kuaga. Picha ingali pale pale, na jirani yangu ameiongezea msumari wa pili.