Uvimbe wa Mbwa Hausomwi kwa Kidole



Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu yetu alikuja ofisini kuuliza habari za mbolea. Alipomaliza aliniambia, "Mwalimu, mbwa wangu ana kidonge chini ya ngozi, ubavuni. Nikikate kwa wembe, ama nimwue mbwa?" Nilimsihi asifanye hata moja, na sababu zangu ndizo hizi.

Mimi mwenyewe nilipata kukosea. Mbwa wangu alikuwa na uvimbe mdogo kama punje ya mahindi. Niliubonyeza, nikasema ni kupe tu. Baada ya miezi michache alikufa, na boma la ndama likakosa mlinzi.

Uvimbe wa ngozi ni wa namna nyingi. Mwingine ni mafuta tu, hauna neno. Mwingine ni kansa ya seli za masti, kansa ya ngozi iwapatayo mbwa zaidi ya nyingine. Kwa macho huweza kufanana kabisa. Tena huu wa masti ukibonyezwa-bonyezwa humwaga sumu zake, ngozi ikavimba na kuwasha zaidi.

Hata wataalamu hawapatani siku zote. Mwaka 2011, huko Marekani, Matti Kiupel na wenzake walitangaza kazi yao: wataalamu 28 walitazama kwa darubini uvimbe wa masti wa mbwa 95. Kwa kipimo cha zamani cha madaraja matatu walitofautiana sana. Ndipo wakapendekeza madaraja mawili tu. Katika daraja baya, nusu ya mbwa walikufa kabla ya miezi 4. Katika daraja jepesi, zaidi ya nusu waliishi kupita miaka 2.

Siku hizi huchunguzwa pia kazi ya jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika kila seli. Si maagizo yote hutumika kila saa. Mengine hulala, mengine huamka. Jeni iitwayo KIT huiamuru seli ya masti ikue. Protini yake hukaa ukingoni mwa seli. Ikionekana imejaa ndani, ni dalili mbaya. Hupimwa pia protini ya Ki-67, ionekanayo katika seli zinazogawanyika. Zikiwa nyingi, uvimbe una mbio, na mganga wa mifugo hujua kwamba kisu peke yake huenda kisitoshe.

Najua wengine watasema, "Mbwa ni mbwa, nami nina karo ya watoto." Ni kweli, na vipimo vya jeni havipatikani kila mahali. Lakini hatua ya kwanza ni ndogo: mganga hudunga sindano nyembamba, akatazama seli juu ya kioo. Na akiukata uvimbe, usikubali utupwe shimoni. Mwombe autie katika dawa ya fomalini na kuupeleka maabara.

Basi, kila juma mpapase mbwa wako mwili mzima. Ukikuta uvimbe, andika tarehe na ukubwa wake, usiubonyeze tena, kisha mwone Bwana Mifugo. Mbwa alindaye ng'ombe wako usiku kucha hastahili kuhukumiwa kwa kubahatisha. Yule mzee alikwenda, nami nakuomba nawe uende mapema.