GODORO LA DAWA NA MLANGO WENYE KUFULI



Sisi wa reli tukaao Wabera (reli yenyewe haijafika Isiolo, yaishia Nanyuki) tuna watoto katika shule za malazi, na moto twauogopa. Kyanguli, mwaka 2001, walikufa wavulana 67. Endarasha, Septemba 2024, wakafa 21. Godoro la sponji likishika moto huwaka upesi, na moshi wake huua kabla ya moto kufika.

Sasa wapo wasemao: magodoro yatiwe dawa ya kuzuia moto, mambo yaishe. Twapinga. Dawa hizo, hasa zile za bromini, hazikai ndani ya sponji. Hutoka pole pole zikawa vumbi, mtoto atambaaye akalila kwa vidole vyake, nazo huvuruga tezi ya koo na kudhuru akili inayokua. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya imo, ulizikataza baadhi yake mwaka 2009 na nyingine 2017. Hata California, iliyoshikilia kanuni kali juu ya sponji za viti tangu 1975, iliibadili mwaka 2013: sasa viti huweza kupita kipimo bila dawa yo yote.

Watu wa reli hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Asbestosi ilifungwa kwenye boila za injini za mvuke kwa kuwa haiungui. Kweli haikuungua, yaliyoharibika ni mapafu ya mafundi.

Je, Kyanguli palikosekana dawa? Petroli ilimwagwa, mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yana vyuma. Hakuna dawa ya godoro iwezayo kufungua kufuli! Kitabu cha Serikali cha usalama wa shule, cha 2008, chataka mlango kila upande wa bweni na wa dharura katikati, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachane mita 1.2. Fundi wa kuchomelea aweza kuvikata vyuma hivyo kwa siku moja. Lakini mlango ulio wazi haumpi mtu faida, na dawa ina mwenye kuiuza.

Januari mkiwapeleka watoto, ingieni bwenini. Hesabuni milango, usukumeni ule wa katikati. Mkiukuta umefungwa, mwulizeni mwalimu mkuu ufunguo uko kwa nani usiku, kisha mpeni Katibu wa tawi jina la shule. Na mwenye duka asiyejua godoro lake limetiwa nini, tusinunue kwake.