Ulimi wa mtoto wa Mbulu haupimwi kwa Kiswahili peke yake

"Anasema 'lafiki' badala ya 'rafiki' kwa sababu nyumbani wanaongea Kiiraqw." Si kweli. Kiiraqw kina r na kina l, na kinazitenganisha. Miongoni mwa sauti ambazo kwa asili hakina ni z na v. Kwa hiyo mtoto wa Dongobesh, Mbulu, akisema "sawadi" badala ya "zawadi", anaitumia sauti ya nyumbani katika lugha ya pili, na huo si ugonjwa. Lakini akifika miaka 8 na r bado inamshinda kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili, achunguzwe. Kumpima kwa Kiswahili tu ni kumdhulumu.

"Akatwe kimeo." Hapana! Kimeo kinaning'inia nyuma ya kaakaa. R hutengenezwa na ncha ya ulimi. Ukikata, unamwachia mtoto jeraha, damu na hatari ya maambukizi, na r inabaki ilivyokuwa.

"Altrasaundi ni ya wajawazito, na mionzi yake itamdhuru." Kipimo hiki, kinachoweza kumwonyesha mtoto ulimi wake anapojifunza r, hutumia mawimbi ya sauti, si eksirei. Kifaa kilichopakwa jeli hushikwa chini ya kidevu, na mgongo wa ulimi huonekana kwenye skrini kama mstari mweupe unaocheza mtoto anapotamka. Shawker na Sonies wa Marekani waliandika juu ya kufundisha r kwa picha hizo mwaka 1985. Wataalamu wa Kanada na Uskoti wakaendeleza. Kwetu ingefaa hata zaidi, maana q ya jina kama Qamara hutamkwa nyuma mno, ambako mtoto hawezi kupaona kwa kujitazama kwenye kioo.

"Basi mashine itamponya." Hili ndilo dai la hatari kuliko yote, kwa sababu linavutia. Mashine huonyesha tu. Mfupa wa taya mara nyingi huificha ncha ya ulimi, na tafiti nyingi zimehusisha watoto wachache. Tena mtoto lazima aachishwe picha kidogo kidogo, la sivyo atatamka vizuri mbele ya skrini na kurudia kosa darasani. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa tiba ya matamshi; Makerere, Uganda, ilianza kuwafundisha wataalamu hao mwaka 2008. Wilaya za Mbulu na Hanang zinamhitaji mtaalamu huyo kabla ya skrini, na awe anajua Kiiraqw au Kidatoga.

Mzazi wa Katesh kule Hanang, mwalimu wa Dongobesh: mrekodi mtoto kwenye simu akitaja vitu vya nyumbani kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili. Mpeleke kwa mtaalamu na rekodi zote mbili.